Kimo cha Kifua

3 Machi

Mvua imeanza, nami nimeanza daftari. Kamusi aliponiona naandika aliuliza kama ni barua ya mchumba. Nimemwambia naandika mabaya yake yote, akaridhika, akaenda kulala.

Kamusi ndiye mtambuzi wetu wa miti. Humwonyeshi jani akakosa jina lake, na jani lisipokuwepo atalinusa gome na kukutajia ukoo mzima. Mimi ni mpimaji. Nauzungushia mti utepe, nasoma unene, nautaja kwa sauti, yeye anaandika. Mjini ofisini yuko Bwana Ramani, ambaye sidhani kama amewahi kulowa maishani mwake, lakini ndiye anayezigeuza namba zetu kuwa rangi. Msitu hauwekwi kwenye mizani. Unapima miti ya viwanja vichache, unakokotoa uzito wake kutokana na unene, urefu na aina, na karibu nusu ya uzito huo ni kaboni. Kule usikofika, picha za setilaiti zinakusaidia kukadiria. Kijani ni msitu mzito, njano ni mwepesi, nyekundu ni uliopotea.

Viwanja hivi vilipimwa mara ya mwisho miaka mitano iliyopita, na aliyevipima ni baba. Ulikuwa msimu wake wa mwisho kabla ya kustaafu. Mwaka huu nimepewa mimi. Nilipoambiwa nilijibu "sawa" kama mtu aliyeombwa afunge dirisha. Baba tulimzika Desemba.

4 Machi

Mvua. Tumeshinda hemani.

6 Machi

Simu inashika juu ya jabali tu, nyuma ya kambi. Nilipanda nikampigia mama.

"Umekula?"

"Nimekula, mama. Na wewe?"

"Mimi nile nini, na nyumba yenyewe hivi."

Nikasikia cherehani ikinyamaza, kisha ikaendelea. Tukakaa hivyo, yeye anashona, mimi nasikiliza.

"Haya," akasema. "Usilale na nguo mbichi."

Hakuniita mwanangu. Tangu msiba hajaniita hivyo. Mama ni fundi wa nguo, na kwa fundi wa nguo kila kitu kilichochanika kina mahali kilipoanzia kufumuka. Kwenye kifo cha baba, mahali penyewe ni mimi. Ni mimi niliyemwambia baba apumzike, maana nilimwona amechoka nikamwonea huruma. Akastaafu, akakaa kwenye kiti cha sebuleni, na haikuchukua muda mgongo ukaanza kupinda. Mwishoni hakuweza kuinua uso bila kuuinua mwili mzima. Daktari alisema pingili za uti wa mgongo zinalika na kubonyea, akauliza hali hiyo ilianza lini. Mama akawahi kujibu: "Tangu alipotolewa kazini." Aliposema "alipotolewa" alinitazama mimi.

Baada ya mazishi alikitoa kile kiti nje akampa mtu aliyekuwa anapita. Nadhani ningekuwa na miguu minne angenitoa pamoja nacho.

9 Machi

Kiwanja cha kwanza leo.

Sheria ni kwamba unene wa mti upimwe mita moja na sentimita thelathini kutoka ardhini, tunapopaita kimo cha kifua. Ipo fimbo iliyokatwa kwa urefu huo, unaisimamisha kando ya shina. Lakini fimbo inanasa vichakani, inasahaulika, mpishi anaifanya kuni. Kwa hiyo wapimaji wa zamani kila mmoja alikuwa na kifungo chake. Siku ya kwanza ya msimu unasimama kando ya fimbo, unatazama imekufika kifungo gani cha shati, na kuanzia hapo unaupima msitu mzima kwa kifungo hicho. Cha baba kilikuwa cha tatu kutoka juu. Alikuwa mrefu, na alijivunia kifungo hicho kama wengine wanavyojivunia cheo. Mimi fimbo inanifika kolani, basi naibeba kama mwanafunzi.

Pete ya rangi aliyoipaka baba pale alipopimia mti wa kwanza imefifia lakini ipo. Niliisimamisha fimbo. Ikafika pale pale, katikati ya pete, bila kuzidi wala kupungua. Niliinama kidogo nikaegemeza shavu kwenye gome, mahali kilipokuwa kifua chake siku ile, nikalia. Kamusi aligeuka akajifanya anatafuta jani. Ni mtu wa maneno mengi, lakini leo ameyameza.

15 Machi

Ruba wamezidi. Mmoja amempanda Kamusi mpaka sikioni, na amelalamika hadi nimechoka kumhurumia.

20 Machi

Jabali. "Umekula?" "Nimekula." "Haya."

28 Machi

Tumehamia upande wa mashariki. Huku miti ni ya aina nyingine, mashina yanapanuka sana yanapokaribia ardhi kama mtu aliyevaa sketi. Kila shina limevikwa kuvumwani, ule uoto laini wa kijani. Pete za baba hatuzioni, nadhani mvua za miaka zimezifuta. Tunapima kwa fimbo na kupaka pete mpya. Kazi inakwenda, na namba nazituma mjini kwa simu.

5 Aprili

Bwana Ramani alinipigia nikiwa juu ya jabali la huku.

"Mashariki yote imekuwa nyekundu," akasema. "Nani anakata miti huko?"

"Hakuna anayekata. Hakuna hata kisiki."

"Miti ni ileile, namba za vibao vilivyopigiliwa kwenye mashina ni zilezile, na mingi imekuwa myembamba kuliko miaka mitano iliyopita. Niambie mti unakondaje."

Nilimwambia sijui. Tukauzunguka msitu siku nzima kutafuta visiki, alama za moto, njia za misumeno. Msitu ni mzima. Kamusi alisema labda miti nayo inafunga kula siku hizi. Sikucheka.

6 Aprili

Bwana Ramani amepiga tena. Amesema kama hakuna aliyekata, basi mmoja kati ya wapimaji wawili alikosea, na kwa kuwa mimi nilitumia fimbo, ni rahisi kujua nani. "Tuvifute vipimo vya mzee, tuanze upya na vyako. Usilichukulie vibaya, ni takwimu tu."

Msimu mzima wa mwisho wa baba unafutwa kwa simu, na anayeulizwa kama ni sawa ni mimi. Nilimwomba anisubiri nichunguze. Akasema nina mpaka mvua itakapokwisha.

9 Aprili

Nimeipata pete. Nilikuwa nimeegemea mti kupumzika, nikabandua kuvumwani kwa kucha, bila nia yoyote, na rangi nyekundu ikachungulia. Ilikuwa chini ya ncha ya fimbo kwa upana wa kiganja kizima. Nikabandua mti wa pili. Kiganja. Wa tatu, vivyo hivyo. Hazikufutwa na mvua, tulikuwa tunazitafuta juu kuliko zilipo.

Nikazungusha utepe pale kwenye pete yenyewe. Unene ukalingana na aliouandika baba, na zaidi kidogo kwa miaka ambayo mti umekua. Kwa hiyo alisoma sawa, aliandika sawa, ila alipimia chini sana, na chini ndiko shina linakonenepa. Ndiyo sababu ya ile nyekundu.

Nimekasirika mno. Mtu aliyenigombeza utotoni kwa kupinda mstari wa daftari la shule, msimu wake wa mwisho ameshindwa kusimama vizuri akapima. Alikuwa anawaza pensheni, nikasema moyoni. Alizembea. Ni vibaya kumkasirikia marehemu, hawezi hata kujitetea.

10 Aprili

Nimebandua kiwanja kizima peke yangu. Kiganja, kila mti.

12 Aprili

Kamusi ndiye aliyenitoa kwenye kununa. Alisema, "Kama alizembea, basi alizembea vipi? Pete zote za kiwanja kimoja ziko kimo kimoja. Mzembe hapigi mstari namna hiyo."

Ni kweli. Tumekubaliana turudi kila kiwanja, tutafute kila pete, tuandike iko kimo gani. Ikiwa alipunguza kiasi kilekile kila mahali, Bwana Ramani anaweza kukirudisha kwa hesabu na vipimo visifutwe. Kamusi alinuna kidogo kwa ajili ya ruba, kisha akafunga mzigo.

17 Aprili

Mvua haina huruma. Mikono imekunjamana kama ya mfua nguo. Tunabandua, tunapima, tunahama.

22 Aprili

Leo nitaandika mpaka vidole viume.

Kiasi si kilekile. Niliandika viwanja vyote kwa mfuatano aliovipima baba, kuanzia mwanzo wa msimu, na mbele ya kila kimoja kimo cha pete zake. Vya kwanza viko sawasawa na fimbo. Vinavyofuata viko chini kwa upana wa kidole. Kisha vidole viwili. Kisha kiganja. Cha mwisho kabisa, kule kwenye ukingo wa mto, pete iko karibu na kitovu changu. Hakuna panapopanda. Inashuka tu, kiwanja baada ya kiwanja.

Nilimwonyesha Kamusi. Alitazama, akakaa juu ya gogo.

"Msimu ule tulikuwa wote," akasema. "Katikati ya msimu alianza kuegemea miti. Anazungusha utepe, kisha anaukumbatia mti, anabaki hivyo. Nilimtania kwamba anausikiliza. Halafu akaanza kuniomba nimfungie kamba za viatu. Nikamwambia, mzee sasa umepata cheo, unafungiwa viatu. Akacheka. Tulicheka wote, dada."

"Hakusema anaumwa?"

"Alisema umri."

Hapo nikaelewa. Kifungo cha tatu kilikuwa bado ni kifungo cha tatu. Hakukibadilisha, hakuzembea, alikiamini kama siku zote. Ni mwili uliokuwa unashuka nyuma ya shati, pingili zinabonyea moja baada ya nyingine, na yeye alikuwa anaupaka msitu rangi pale kifua chake kilipofika siku hiyo. Sijui kama mwenyewe alijua. Naona alijua maumivu, hakujua kimo.

Na hii ilikuwa kabla hajastaafu. Kabla ya sebule na kiti, kabla sijamwambia neno lolote kuhusu kupumzika. Nilipomwona amechoka nikamwonea huruma, tayari alikuwa anapinda. Sikumwua.

Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, nilikaa kwenye matope nikafurahi kwa sababu baba yangu alikuwa mgonjwa mapema kuliko tulivyodhani. Nikapanda jabali huku nateleza, nikampigia mama.

"Umekula?"

"Mama, nataka kukuuliza kitu. Baba msimu ule wa mwisho, aliporudi likizo, hakuwa na maumivu yoyote?"

Cherehani ikanyamaza.

"Maumivu gani? Alikuwa mzima. Nimelala na yule mtu ubavuni miaka yote, nimemshonea kila kilichomgusa mwili. Angekuwa na ugonjwa ningeujua kabla yake mwenyewe." Sauti yake ikawa ndogo. "Hicho ndicho nilichobaki nacho, kwamba nilimtunza. Usije ukaanza kunitafutia maneno."

Mvua ilikuwa inaingia kolani. Maneno nilikuwa nayo mdomoni, yamepangwa vizuri, na ushahidi wake umesimama msituni kwa mamia. Nikayaona yakifika pale kwenye meza ya cherehani. Mimi ningekuwa huru, na yeye angebaki na msimu mzima wa mtu anayevunjika ubavuni mwake bila yeye kumwona.

"Basi, mama. Niliuliza tu."

"Umekula lakini?"

"Nimekula."

23 Aprili

Sikula, kwa kweli. Wala jana.

30 Aprili

Alama mbili kwenye mti mmoja haziruhusiwi, maana mpimaji ajaye atachanganyikiwa. Kila tulipopima pete ya baba ni lazima ikwanguliwe, ibaki mpya tu. Kamusi alijitolea kukwangua yeye. Nilimkatalia, kisha nikajuta, kwa sababu pete ni nyingi na kila moja ina kimo chake, na mimi najua sasa kila kimo kina maana gani. Nakwangua polepole. Kwenye viwanja vya mwanzo hakuna cha kukwangua, pete yake na yangu ni moja, napaka juu yake.

8 Mei

Ukingo wa mto. Kiwanja cha mwisho, pete ya mwisho. Ili nifikishe kifua pale nilijaribu kuinama alivyoinama yeye, nikashika utepe, nikajaribu kusoma namba. Sikuweza kukaa hivyo hata kwa mti mmoja. Yeye alimaliza kiwanja kizima, na mwandiko wake haukupinda.

Nikamwomba baba radhi kwa hasira yangu ya tarehe tisa Aprili. Kamusi alikuwa karibu, akasikia, akasema, "Amekusamehe, twende, mto unajaa."

19 Mei

Ofisini. Chumba cha ramani kina baridi ya mashine na harufu ya chai iliyosahaulika. Bwana Ramani aliingiza vimo vyote, akakokotoa upya kila mti, kisha tukaitazama mashariki ikibadilika rangi kwenye kioo, kipande kwa kipande, nyekundu inaondoka, kijani kinarudi.

"Kwa hiyo msitu haukupungua," akasema.

"Haukupungua. Aliyepungua ni yeye."

Hakunielewa, nikamweleza. Nilimjua kama mtu wa takwimu tu, na nilishajiandaa kwa neno lolote. Alivua miwani akaifuta kwa shati, akakaa nayo mkononi.

"Kuna sehemu ya sababu," akasema. "Lazima niandike sababu ya masahihisho. Niandike nini?"

"Andika mpimaji alikuwa mgonjwa."

Akaandika. Akauliza kama aongeze kwamba aliendelea na kazi mpaka mwisho. Nilimwambia sehemu hiyo haina nafasi ya maneno mengi. Akaongeza hata hivyo.

27 Mei

Mvua imekatika. Niko nyumbani.

Sebuleni pale palipokuwa na kiti pana doa jeupe sakafuni. Mama alikuwa amezitoa nguo za baba kabatini, amezipanga juu ya meza ya kukatia. Anampa mlinzi wa jirani, mtu mrefu, mwenye watoto wengi.

"Umefika," akasema. "Kaa. Chakula kinapoa, lakini nisaidie kwanza."

Nilikunja mashati. Yeye akachukua suruali za kaki za kazini, zile alizozivaa baba msituni msimu ule na hakuzivaa tena baada ya kustaafu. Akawasha taa ya cherehani, akatoa wembe.

"Mbona unazifumua, mama?"

"Upindo. Mlinzi ni mrefu, zitamfika juu."

"Baba pia alikuwa mrefu."

"Alikuwa mrefu," akakubali. Akakata uzi, akauvuta, upindo ukafunguka. Ndani yake kitambaa kilikuwa bado kipya, rangi haijapauka. Na ndani ya upindo huo kulikuwa na mshono mwingine, upindo wa pili, wa mkono wake mwenyewe, mishono yake midogo ninayoifahamu tangu sare zangu za shule.

Wembe ukasimama.

Niliendelea kukunja shati lilelile, nikalikunjua, nikalikunja tena.

"Alikuja likizo katikati ya msimu," mama akasema, akiitazama suruali, si mimi. "Akasema zinaburuzika matopeni. Nikapunguza. Msimu ulipokwisha akarudi, zinaburuzika tena. Nikapunguza tena. Nilimtania. Nilimwambia, baba watoto, wewe unafupika au nini?"

Akapitisha kidole gumba kwenye mshono wa kwanza, kisha wa pili, taratibu, kurudi na kwenda. Miaka yote hii ameshona suruali za watu wa mtaa mzima, na anajua kuliko mtu yeyote ninayemfahamu kwamba kaki ikifuliwa hujikunyata.

"Nilidhani ni kitambaa ndicho kimerefuka," akasema.

Akainua uso. Alikuwa ananiuliza, mimi, ambaye sijui hata kutia uzi kwenye sindano bila kujichoma. Tangu Desemba hakuwa amenitazama hivyo, bila hukumu, na niliona kwamba nikisema neno moja la kweli pale atalipokea, maana tayari analo mkononi.

"Kaki ya msituni hurefuka, mama," nikasema. "Ikilowa kila siku inavutika. Hata zangu zimerefuka."

Zangu nilikuwa nimezivaa. Akazitazama miguuni, zimenikaa kama siku aliyozishona. Kisha akazima taa ya cherehani, akaikunja suruali ya baba mishono ikiwa ndani, akaiweka pembeni, mbali na zile za mlinzi.

"Twende ukale, mwanangu," akasema. "Chakula kimeshapoa."